Jinsi ya kusoma majibu ya damu wakati mayeloma imetulia

Mtu aliyetibiwa mayeloma, saratani ya uboho wa mifupa, na ugonjwa ukatulia huendelea kutolewa damu kila mwezi au kila baada ya miezi michache, pengine kwa miaka mingi, na kila mara hurudi nyumbani na karatasi iliyojaa namba, vifupisho na herufi H (juu) na L (chini) zilizokolezwa wino. Siku hizi majibu hufika kwa WhatsApp kabla mgonjwa hajaonana na daktari, na aghalabu hufika Ijumaa jioni, wakati hakuna wa kuulizwa mpaka Jumatatu. Mwongozo huu ni wa mgonjwa huyo wa Kisauni, Likoni au Majengo mjini Mombasa, na wa jamaa anayemshikia faili. Hauchukui nafasi ya daktari. Unamsaidia mgonjwa aingie kwa daktari akijua anachouliza.

Jambo moja litangulie. Herufi H na L huwekwa na mashine kwa kulinganisha damu yako na damu ya watu wazima wasio na maradhi. Mashine haijui kwamba ulitibiwa, haijui unameza dawa gani, wala haijui namba yako ilikuwa ngapi mwaka jana. Kwa aliye katika kipindi cha nafuu, ulinganishaji wenye maana ni ule wa namba ya leo na namba zake mwenyewe za nyuma, hasa ile ya chini kabisa aliyowahi kuifikia.

Hatua ya 1: Fahamu aina ya mayeloma yako

Mayeloma ni saratani ya chembe za plazma, ambazo hukaa katika uboho wa mifupa na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Katika mwili wenye afya kuna makundi mengi ya chembe hizo, na kila kundi hutengeneza kingamwili ya namna yake. Katika mayeloma kundi moja huzaana kupita kiasi na kumwaga katika damu protini ya namna moja tu, ambayo madaktari huiita protini M au paraprotini. Kila kingamwili ina minyororo mizito, inayoipa jina kama IgG au IgA, na minyororo myepesi, ambayo ni ya kappa au ya lambda. Takriban nusu ya wagonjwa wana aina ya IgG, karibu mmoja kati ya watano ana IgA, na wengine wasiopungua sana idadi hiyo hutoa minyororo myepesi peke yake. Wachache mno hawatoi protini yoyote inayoonekana.

Tafuta barua ya uchunguzi wa kwanza, soma aina yako, kisha uiandike kwa kalamu nene juu ya jalada la faili: IgG kappa, IgA lambda, au minyororo myepesi ya kappa. Usipojua aina yako utahangaika na namba zisizokuhusu. Mwenye IgG hufuata hasa kipimo cha elektroforesi, kinachoelezwa katika Hatua ya 3. Mwenye IgA naye hupimwa elektroforesi, lakini protini yake mara nyingi hujificha miongoni mwa protini nyingine za kawaida kwenye mchoro, kwa hiyo jumla ya IgA humpa picha iliyo safi zaidi. Mwenye minyororo myepesi peke yake anaweza kuwa na elektroforesi safi kabisa huku ugonjwa unarudi, na ndiyo sababu akiambiwa elektroforesi inatosha kwa kuwa ni rahisi, anapaswa kukataa kwa adabu. Yule asiyetoa protini yoyote hategemei damu. Hufuatiliwa kwa picha za mifupa na uchunguzi wa uboho.

Hatua ya 2: Andaa jedwali, na uwe mkali kuhusu vipimio

Daftari la shule linatosha. Weka safu ya tarehe, jina la maabara, protini M, kappa, lambda, uwiano wake, hemoglobini, chembe nyeupe na nyutrofili (aina ya chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi), chembe sahani (za kugandisha damu), kreatinini (kipimo cha figo), kalsiamu na albumini (protini ya kawaida ya damu). Safu ya mwisho iachwe pana kwa maelezo: homa, chanjo, dawa mpya, kuharisha, safari. Safu hiyo ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayofafanua nusu ya mishtuko.

Pembeni ya kila namba andika kipimio chake. Maabara moja huandika protini M kwa gramu kwa lita, nyingine kwa gramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara kumi: 4 g/L ni sawa na 0.4 g/dL. Minyororo myepesi nayo huandikwa kwa mg/L au mg/dL, tena kwa tofauti ya mara kumi. Kreatinini ya 1 mg/dL ni sawa na takriban 88 µmol/L, na kalsiamu ya 10 mg/dL ni takriban 2.5 mmol/L. Mtu aliyehamia maabara nyingine anaweza kuona namba imeruka kutoka 2 hadi 20 akadhani ugonjwa umelipuka, kumbe damu ni ileile.

Inapowezekana, rudi maabara ileile kila mara, hasa kwa minyororo myepesi, kwa sababu vipimo vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana hata kwa sampuli moja. Uliza pia sampuli inapimiwa wapi. Maabara ya mtaani inaweza kukutoa damu kisha ikaituma kwenye maabara kubwa, na mwezi ujao ikaituma kwingine. Kwenye majibu, jina la maabara iliyopima huwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kabla ya kutolewa damu hakikisha kama bima yako, iwe SHA (bima ya afya ya serikali) au ya kazini, inalipia vipimo vyote vilivyoandikwa, maana kinachofutwa kwa kukosa fedha mara nyingi ndicho kilichohitajika zaidi.

Hatua ya 3: Soma protini M

Elektroforesi hutenganisha protini za damu kwa umeme na kuzichora kama mstari wenye miinuko. Protini M huonekana kama kilele chembamba kilichosimama peke yake, mithili ya mnara wa msikiti juu ya mapaa ya Mji wa Kale. Mwinuko mpana wenye mgongo wa mviringo ni jambo jingine: ni kingamwili nyingi za namna mbalimbali, kama zinavyoongezeka kwa maambukizi ya muda mrefu, maradhi ya ini au virusi vya ukimwi. Miinuko yote miwili hupandisha jumla ya protini, lakini ni ule mwembamba tu unaohusu mayeloma. Omba upewe mchoro wenyewe pamoja na maelezo, si jumla peke yake.

Kipimo cha pili huitwa imunofiksesheni. Hiki hakisemi kiasi. Husema kama protini M ipo au haipo, na ni ya aina gani. Kina uwezo wa kunasa kiasi kidogo ambacho elektroforesi haikioni, ndiyo maana unaweza kusoma kwenye ukurasa mmoja kwamba hakuna kilele na kwenye ukurasa wa pili kwamba IgG kappa imeonekana. Majibu hayo hayapingani. Kwa vigezo vya kimataifa, protini M ikipungua kwa asilimia 50 au zaidi katika damu, na ile ya mkojo ikashuka inavyotakiwa, mgonjwa amepata mwitikio wa sehemu. Ikipungua kwa asilimia 90 au zaidi na mkojo wa saa 24 ukawa na chini ya miligramu 100 za protini hiyo, mwitikio ni mzuri sana. Mwitikio kamili unahitaji imunofiksesheni isiyoonyesha kitu katika damu na mkojo, pamoja na chembe za plazma zilizo chini ya asilimia 5 katika uboho. Kwa hiyo karatasi ya damu peke yake, hata ikiwa safi namna gani, haithibitishi mwitikio kamili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mwenye IgG kappa alianza matibabu akiwa na protini M ya 42 g/L. Ilishuka hadi 2 g/L, yaani zaidi ya asilimia 95, na hiyo 2 ndiyo namba yake ya chini kabisa. Vipimo vilivyofuata vilikuwa 3, kisha 2, kisha 3, kisha 4. Mwanawe anapiga hesabu na kushtuka: kutoka 2 hadi 4 ni ongezeko la asilimia mia. Hesabu ni sahihi, lakini hofu imetangulia ushahidi. Ili isemwe kwamba ugonjwa umesonga mbele, protini M ya damu inapaswa kupanda kwa asilimia 25 au zaidi kutoka namba ya chini kabisa, na wakati huohuo ongezeko lenyewe liwe angalau 5 g/L, kisha kipimo cha pili kithibitishe. Mama huyu ameongezeka 2 g/L tu. Katika namba ndogo kama hizi elektroforesi haina usahihi wa kutofautisha 2 na 3 kwa uhakika, kwani anayesoma mchoro ndiye anayeamua kilele kianzie wapi na kiishie wapi.

Akifika 7 g/L, na kipimo cha kurudia kikatoa 7 au zaidi, kigezo kimetimia. Hata hapo dawa mpya si lazima zianze wiki hiyo. Wapo ambao protini hupanda polepole kwa miezi mingi bila madhara yoyote, na daktari huwafuatilia kwa karibu tu. Kinachoharakisha uamuzi ni kasi: protini M inayojirudufu ndani ya miezi miwili, au iliyopanda kwa 10 g/L, katika vipimo viwili mfululizo. Aliyekuwa na mwitikio kamili hupimwa kwa namna tofauti kidogo, kwa sababu kwake kurudi tu kwa protini ileile ya mwanzo ni habari.

Nasema protini ileile kwa makusudi. Baada ya kupandikizwa uboho, imunofiksesheni huweza kuonyesha mistari midogo ya aina nyingine, tuseme IgG lambda kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni IgA kappa. Mara nyingi hiyo ni kinga inayojijenga upya na hupotea yenyewe. Aidha, anayetumia daratumumabu afahamu kwamba dawa hiyo yenyewe ni kingamwili ya IgG kappa na inaweza kuchora mstari mwembamba kwenye majibu. Kwa mwenye mayeloma ya IgG kappa mstari huo unaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa. Maabara iambiwe kuhusu dawa hiyo kwenye fomu ya ombi.

Hatua ya 4: Soma minyororo myepesi kwa jozi

Kipimo cha minyororo myepesi huru hutoa namba tatu: kappa, lambda na uwiano wa kappa kwa lambda. Kwa kipimo kinachotumika zaidi, viwango vya kawaida ni kappa 3.3 hadi 19.4 mg/L, lambda 5.7 hadi 26.3 mg/L, na uwiano 0.26 hadi 1.65. Usisome yoyote peke yake. Tazama hali tatu zifuatazo.

Kappa 38 na lambda 30: zote zina H, lakini uwiano ni 1.27, ambao ni wa kawaida. Minyororo yote miwili imepanda pamoja, na sababu za kawaida ni maambukizi au figo zinazochuja polepole. Figo ndizo zinazoitoa minyororo hii mwilini, kwa hiyo mwenye figo dhaifu hukubaliwa uwiano unaofika hata 3.1.

Kappa 12 na lambda 3: kappa haina tatizo, ila uwiano ni 4.0 na umewekewa H. Hapa kilichobadilika ni lambda, iliyoshushwa na matibabu. Toa ndogo kwenye kubwa: 12 kutoa 3 ni 9 tu. Uwiano unaozaliwa na namba ndogo namna hii hutisha bila sababu, na kwa maoni yangu ndio unaoongoza kwa kuwanyima watu usingizi.

Kappa 160 na lambda 4: uwiano ni 40, na tofauti ni 156. Hii ni namba ya kuzungumzwa na daktari bila kuchelewa, hasa kama awali tofauti ilikuwa ndogo. Kwa wagonjwa wanaofuatiliwa kwa minyororo myepesi, ongezeko la tofauti hiyo linalozidi 100 mg/L kutoka namba ya chini kabisa, likithibitishwa, huhesabiwa kuwa ugonjwa umesonga mbele.

Minyororo myepesi hukaa katika damu kwa saa chache tu, ilhali IgG huchukua takriban wiki 3 kupungua nusu. Ndiyo maana minyororo huonyesha mabadiliko mapema, na ndiyo maana pia huyumba zaidi kwa mafua ya wiki iliyopita.

Kuhusu IgG, IgA na IgM zisizo za ugonjwa wako, inatosha kujua kwamba kuwa chini ni kawaida wakati wa matibabu ya kuendeleza nafuu. L hapo haina maana kwamba mayeloma imerudi. Ina maana kwamba kinga ni chache, na ukiugua kifua mara kwa mara mweleze daktari.

Hatua ya 5: Soma hemogramu ukiwa na orodha ya dawa mkononi

Hemogramu ni hesabu ya chembe za damu, na dawa za mayeloma huigusa. Lenalidomidi hushusha nyutrofili na chembe sahani. Bortezomibu hushusha chembe sahani kisha huziacha zipande katika mapumziko, kwa hiyo siku ya kutolewa damu katika mzunguko wa dawa ni muhimu kuliko namba yenyewe. Deksamethasoni hupandisha chembe nyeupe na sukari kwa siku kadhaa. H inayoonekana baada ya vidonge hivyo si lazima iwe maambukizi.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kiasili bila udhaifu wowote wa kinga, kutokana na umbile la damu liitwalo Duffy-null. Viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi nyingi havikutengenezwa kwa ajili yao. Kama una hemogramu ya kabla ya ugonjwa, hata ya kliniki ya wajawazito au ya uchunguzi wa kazi bandarini, ipeleke kwa daktari, kwa sababu inaweza kukuepusha na kupunguziwa dawa bila haja.

Hapa Mombasa kuna maradhi mawili yanayovuruga hemogramu kila msimu wa mvua. Malaria hushusha chembe sahani na hemoglobini. Dengi, inayoenezwa na mbu wanaozaliana kwenye mapipa na matangi ya maji ya nyumbani, hushusha chembe nyeupe na chembe sahani kwa pamoja. Mgonjwa wa mayeloma mwenye homa ambaye chembe sahani zimeanguka ghafla apimwe maradhi hayo kabla ya kulaumu saratani au dawa zake. Hemoglobini inayoshuka polepole kwa vipimo kadhaa mfululizo, bila dawa mpya wala homa, ina uzito zaidi kuliko mshuko mmoja wa ghafla, na ikishuka chini ya 10 g/dL sababu itafutwe.

Hatua ya 6: Figo na kalsiamu

Kreatinini hupanda kwa mambo madogo: jasho la msimu wa kaskazi, kuharisha, au sahani kubwa ya nyama usiku wa kuamkia kipimo. Kunywa maji ya kutosha siku iliyotangulia. Katika mwezi wa Ramadhani, damu itolewe asubuhi mapema badala ya alasiri, na suala la kufunga au kutofunga kwa mtu ambaye figo zake ziliwahi kuguswa liulizwe kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Kreatinini ikipanda, swali la kwanza liwe dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani bila cheti na huitwa dawa za mgongo, nazo ni hatari kwa figo za mwenye mayeloma. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi kwa figo.

Kalsiamu isomwe pamoja na albumini, kwa sababu sehemu kubwa yake husafiri imeshikamana nayo. Kanuni ni rahisi: kwa kila gramu ya albumini inayopungua chini ya 40 g/L, ongeza 0.02 mmol/L kwenye kalsiamu. Kalsiamu ya 2.10 yenye albumini ya 30 ni sawa na 2.30, ambayo ni ya kawaida. Inayozidi 2.75 mmol/L inahitaji daktari siku hiyohiyo, hasa ikiambatana na kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa. Anayechomwa sindano ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, huweza kuona kalsiamu ikishuka, na kreatinini yake hupimwa kabla ya kila dozi.

ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutuama, ambayo kliniki nyingi huipima kwa kuwa ni nafuu, isikushughulishe. Hupanda kwa mengi mno.

Hatua ya 7: Namba ikisogea

Kwanza hakikisha kipimio na maabara. Pili, soma safu ya maelezo: je, kulikuwa na homa, chanjo au dawa mpya ndani ya wiki chache zilizopita? Tatu, omba kipimo kirudiwe, kwa kawaida baada ya wiki chache, katika maabara ileile. Nne, mpelekee daktari jedwali zima badala ya picha ya karatasi moja, ukiuliza maswali matatu: namba yangu ya chini kabisa ni ipi, leo nimepanda kiasi gani kutoka hapo, na ni namba gani itakayotufanya tubadilishe matibabu? Swali la tatu lijibiwe kwa tarakimu na jibu liandikwe kwenye jalada.

Yapo mambo yasiyongoja majibu yoyote. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye matibabu, hasa mwenye nyutrofili chini ya 1.0 × 10⁹/L, ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu mapya ya mfupa yanayozidi usiku yachunguzwe hata kama damu ni safi, kwa kuwa ugonjwa unaweza kurudi mahali pamoja bila kuonekana katika protini. Na mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu yake inalegea au kufa ganzi, au anayeshindwa kuuzuia mkojo, asiambiwe alale mpaka kupambazuke: huenda uti wa mgongo umebanwa, na apelekwe hospitali usiku huohuo pamoja na faili lake.